Amani: Mlima Wenye Vibao Vichache

Nianze na mboga. Ukienda sokoni Muheza au Tanga mjini ukaulizia kisamvu, usishangae muuzaji akikurudishia swali: kipi, cha muhogo au cha mpira? Wapo wanaoapa kwamba cha mpira ndicho kinachonoga kwenye nazi. Wengine wanakitaka kwa sababu mti wake uko tu nyuma ya nyumba, hauhitaji palizi wala mbolea, ukiukata unachipua. Ni mti hasa, unapanda juu kuliko paa, na majani yake ukiyatazama haraka utadhani ni muhogo. Ni binamu yake. Kitaalamu unaitwa Manihot glaziovii, na kwao ni kaskazini-mashariki mwa Brazil, upande wa Ceará.

Hakuupanda mtu kwa ajili ya mboga. Ulipandwa na Wajerumani kwa ajili ya utomvu. Miaka ile kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, matairi yalikuwa yanataka mpira na bei ilikuwa juu. Nchi tambarare kati ya Tanga na milima ya Usambara ikajaa mashamba ya miti hii. Kisha mpira wa mashamba ya Asia ukafurika sokoni, na mwaka 1913 bei ikaporomoka. Makampuni yakafunga hesabu, wenye hisa Ulaya wakalia, miti ikabaki. Watu wakaichuma majani.

Naitaja mboga hii mwanzoni kwa sababu kila nikisoma habari za historia ya Amani, ule mji mdogo wa mlimani ndani ya wilaya ya Muheza, naona tunaulizana swali lile lile: je, majengo ya Mjerumani bado yapo? Kibao kipo? Swali si baya. Lakini mtu akipanda Amani akitafuta vibao tu, atarudi na picha nne na habari nusu. Alama nyingi za historia ya mlima ule zinakula mvua, zinachanua, nyingine zinapikwa. Na zile zinazomgusa mwanakijiji leo hii, zinazoamua alime wapi na asilime wapi, hazipigwi picha na mgeni yeyote.

Kwanza tuitazame sheria, maana hata kumbukumbu ina sheria yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inachora mstari kwenye mwaka 1863. Jengo la kabla ya mwaka huo linalindwa na sheria yenyewe. La baadaye linasubiri Waziri alitangaze. (Milango ya kuchonga imependelewa kidogo: ikiwa ya mtindo wa Kiafrika au wa mashariki, inatosha iwe imechongwa kabla ya 1940. Aliyeandika kifungu kile alipenda milango.) Huku pwani ya Tanga mstari huo hausumbui. Tongoni, kusini ya mji, kuna msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, mawe ya matumbawe yaliyosimama karne kadhaa. Mawe yanajitetea yenyewe.

Panda mlimani sasa. Wasambaa walijenga kwa miti, udongo na majani. Ufalme wa Wakilindi ulioanzia kwa Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Ungulu, ulikuwa na mji mkuu Vuga, kwenye Usambara ya Magharibi, na kwa nguvu zake zote haukuacha hata ukuta mmoja wa chokaa. Kimweri ye Nyumbai, mfalme ambaye sauti yake ilifika mpaka pwani, alifariki mwaka 1862. Mwaka mmoja tu kabla ya mstari wa sheria! Yaani enzi yake yote iko upande unaolindwa, ila hakuna jengo la kulinda. Alichoacha ni taratibu, majina ya mahali, misitu ya matambiko, na msemo ambao mwanahistoria Steven Feierman aliuchukua kwa wazee wa Kisambaa na kuujengea kitabu kizima: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kinyume chake kubana shi, kuiharibu. Mtawala alipimwa kwa mvua na chakula. Huwezi kuweka uzio kuzunguka kitu cha namna hiyo ukatoza kiingilio.

Kilichopo ni kitabu, na hapa wasomaji wa Kiswahili tuna haki ya kujidai kidogo. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, mtu wa pwani aliyeishi katikati ya mambo ya Wakilindi kabla ya kuja Mjerumani na akaja kuwa mtumishi wa serikali ya Kijerumani Tanga, aliandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili. Kilichapwa sehemu kwa sehemu kwenye mitambo ya misheni ya Magila, chini ya mlima, kati ya 1895 na 1907. Humo kuna habari za Kiva, maasi yaliyowang'oa Wakilindi upande wa Bondei baada ya Kimweri kufa. Ukisimama Amani ukatazama mashariki, nchi yote inayoshuka kuelekea baharini imo ndani ya kitabu kile. Mnara gani wa saruji unashinda hapo?

Basi tupande. Kutoka Muheza barabara inakwenda kwenye mabonde ya machungwa na mitiki kabla haijaanza kujipinda. Chini ya mlima, kando ya mto Sigi (siku hizi wengi wanaandika Zigi), kuna nyumba ya zamani ya mbao ambayo ndiyo mlango wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Wageni hupokewa pale. Ilikuwa nyumba ya mkuu wa stesheni. Reli iko wapi? Haipo. Ilikuwa njia nyembamba ya milimita 750, yenye urefu wa kilomita 23 hivi, iliyotoka Tengeni kwenye reli kubwa ya Tanga mpaka hapo Sigi, na aliyeijenga ni kampuni ya Kijerumani ya mbao. Kazi yake kuu ilikuwa kuushusha msitu. Magogo yaliteremka, na juu walipanda mabwana wa kilimo na masanduku ya miche. Baada ya vita njia ikafa, vyuma vikaondolewa, ikabaki stesheni bila treni. Leo anayepita pale anaambiwa habari za vyura na vinyonga, na ni sawa, ndiyo kazi ya hifadhi. Lakini nyumba ile ilijengwa ili msitu uondoke, na sasa inatumika ili msitu ubaki. Ningekuwa na uwezo wa kuweka kibao kimoja tu mlimani mzima, ningekiweka hapo, na hilo tu ndilo ningeliandika.

Ukishavuka Sigi unapanda mpaka kama mita 900. Ukungu, baridi, harufu ya majani mabichi. Vijiji unavyopita vina majina ambayo ni kumbukumbu tosha ukiyasikiliza. Shebomeze lina umbo la majina ya ukoo ya Kisambaa, kama Shemdoe na Shelukindo, kwa hiyo jina la mtu limegeuka kuwa jina la mahali. Kwemdimu, hata asiyejua Kisambaa anausikia mdimu ndani yake. Na kuna Kisiwani, huko huko mlimani, bahari usiione isipokuwa siku ya anga safi. Wanabayolojia nao wameamua kuiita milima hii visiwa, kwa sababu viumbe vyake vimetengana na ndugu zao kama vilivyotengana vya visiwani. Kumbe wenye kijiji walishatangulia kwa jina.

Taasisi yenyewe ilianzishwa mwaka 1902. Mfano wake ulikuwa Buitenzorg, ile bustani kubwa ya Waholanzi kule Java, ambayo leo inaitwa Bogor. Albrecht Zimmermann, aliyekuja kuwa mkurugenzi, alikuwa amefanya kazi huko huko Java. Wazo lilikuwa rahisi na la kibiashara: kusanya mimea ya nchi zote za joto, uijaribu, kisha uwaambie masetla wapande nini. Kahawa ilikuwa imeshaanza Derema, jirani tu, tangu mwanzo wa miaka ya 1890, na haikuwatajirisha kama walivyoota. Udongo chini ya msitu mnene unadanganya: unauona umebeba miti ya kutisha, ukiikata unakuta rutuba ilikuwa ndani ya miti yenyewe. Kwa hiyo wakaleta wataalamu. Robert Koch naye alipita Amani mwaka 1906 akielekea Uganda kutafiti malale. Bustani ya mimea ikafikia karibu hekta 300: mikwinini, mikafuri, miti ya viungo, mianzi, miti ya mbao kutoka kila pembe. Vita vilipozuka 1914 na bahari ikafungwa na Waingereza, taasisi ile iligeuka kiwanda. Kwinini ya askari wa Lettow-Vorbeck ilitokana na magome ya mikwinini ya mlima huu, na humo humo wakatengeneza sabuni na vileo.

Sasa swali ambalo vibao haviulizi: nani alichimba mashimo ya kupanda hekta zote hizo?

Jibu liko kwenye neno. Mwaka 1907, wilaya ya Wilhelmstal, ambayo ndiyo Lushoto ya leo, ilianza utaratibu wa kadi: kila mwanaume mzima alipaswa kufanya kazi kwa setla siku 30 katika kila miezi minne, na kadi yake ikatiwa alama siku kwa siku. Asiye na kadi iliyojaa alipelekwa kwenye kazi za serikali kwa malipo ya chini zaidi. Kadi kama hiyo tumekuja kuijua kwa jina la kipande, na neno halikufa na Wajerumani. Enzi ya Mwingereza kipande cha siku 30 kilikuwa ndiyo kalenda ya mashamba ya mkonge na chai. Walioletwa kutoka mbali kwa mikataba wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Ndiyo maana ukikaa kwenye kijiji cha jirani na mashamba ya chai ya Kwamkoro au Bulwa utakuta familia za Wabena na Wahehe ambao kwao ni nyanda za juu kusini, wajukuu wa watu waliokuja kwa miezi michache. Kijiji chenyewe ndiyo alama. Lafudhi ya bibi mmoja akiongea na jirani yake Msambaa inakueleza historia ya ajira ya Tanganyika kuliko bango lolote.

Waingereza walipoichukua nchi waliiacha Amani ikalala. Tume ya Ormsby-Gore iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 na 1925 ilisikitishwa na hali hiyo, na taasisi ikafufuliwa kama kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki nzima. Hapo ndipo inapoanza sehemu ninayoipenda.

Akaja mtaalamu wa mimea, Peter Greenway, mwishoni mwa miaka ya 1920, akakaa miaka zaidi ya ishirini. Kazi yake ilikuwa kukusanya, kukausha, kugandisha kwenye karatasi na kuyapa majina majani ya nchi nzima. Mkusanyiko ule uliohamishiwa Nairobi mwaka 1950 ndiyo uliozaa Herbaria ya Afrika Mashariki, iliyoko huko mpaka leo. Yaani kumbukumbu kubwa kuliko zote za Amani haiko Amani. Lakini Greenway aliacha kitu kingine kinachotuhusu sisi wa maneno zaidi: kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1937 na kuongezwa 1940. Kwenye jalada kuna jina moja. Ndani kuna maelfu ya majina ya miti, na hakuna hata moja alilolitunga yeye. Mtu alisimama msituni akasema: huu mtambara, huu msambu, huu unatibu tumbo, ule usiuguse. Mwingine akaandika. Liajjemi, aliyechapwa Magila miaka thelathini kabla, ni mwandishi kamili, ana jina na ana sauti. Aliyeujua mtambara hana hata namba. Nalitaja hili bila kumlaumu Greenway, ambaye kama asingeandika tungekuwa maskini zaidi. Ila tunapopongeza kamusi, tukumbuke ilisemwa kabla haijaandikwa.

Upande wa Kilatini mambo yalikuwa tofauti, huko majina ya watu hayakusahaulika. Msambu ni Allanblackia stuhlmannii, ukimbeba Franz Stuhlmann aliyeshiriki kuasisi taasisi. Mti wa Maesopsis eminii, uliopandwa Amani ukatoroka na kuvamia msitu, umembeba Emin Pasha. Na lile ua dogo la zambarau ambalo limejaa madirishani Ulaya na Marekani limembeba Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga, aliyelituma kwao miaka ya mwanzo ya 1890. Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akalielezea mwaka 1893 na kuliita Saintpaulia. Mwaka 2015 wataalamu wa vinasaba wakasema lile si jenasi ya peke yake, ni tawi la Streptocarpus. Kwa hiyo Baroni amevuliwa cheo. Hakuna aliyeandamana, hakuna sanamu iliyoangushwa, makala moja ya kisayansi ikatosha. Watu wa kawaida Ujerumani hawakuwahi kumhitaji: wao hulitaja ua hilo kwa jina la Usambara tu.

Turudi kwenye mboga, nilisema nitarudi.

Miaka ya 1930 muhogo wa Afrika Mashariki ulikuwa unaumwa. Batobato ilikunja majani, na pale pwani ya Tanga kulikuwa na ugonjwa mwingine wa michirizi ya kahawia ambao H. H. Storey wa Amani aliuelezea kwa mara ya kwanza mwaka 1936. Muhogo si zao la kubeza: ni akiba ya njaa, unakaa ardhini ukikusubiri. Storey na mwenzake Nichols wakaanza kutafuta muhogo usioshika batobato. Wakajaribu aina nyingi, wakakosa ulio imara. Ndipo wakageukia binamu, ule mti wa mpira wa Ceará uliotelekezwa mashambani. Wakauchavusha na muhogo. Mtoto wa kwanza alikuwa na afya njema na mizizi ya kamba, hafai kuliwa. Wakamrudisha kwa muhogo, na mjukuu naye kwa muhogo, kizazi baada ya kizazi, mpaka ukapatikana mmea wenye mizizi ya kulika na kinga ya mpira. D. L. Jennings akaiendeleza kazi. Miaka ya 1950 mbegu za machotara ya Amani zilipelekwa Nigeria, kituo cha Moor Plantation, Ibadan, na kutokana nazo kikachaguliwa kizazi kinachojulikana kwa namba 58308. Kutoka hapo taasisi ya kimataifa ya IITA ilizalisha aina zilizosambaa Afrika nzima. Batobato kali ilipoifyeka mihogo ya Uganda miaka ya 1990, aina zilizorudisha chakula mezani zilikuwa na damu hiyo.

Kwa hiyo ule mti ulioletwa kwa tamaa ya matairi, ukafilisika, ukaachwa, ukaliwa majani na watu wasiokuwa na mpango nao, ndio uliokuja kuokoa muhogo. Hebu niambie kibao hicho kingewekwa wapi? Kwenye kila shamba kuanzia Muheza mpaka Ibadan?

Kilimo kilihamia Muguga, Kenya, kuanzia 1948, na nyumba za Amani zikapata mpangaji mwingine: malaria. Kitengo kilichoanzia Muheza mwaka 1949 kikapanda mlimani miaka ya mwanzo ya 1950 na kuwa taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki, chini ya Bagster Wilson. Wanasayansi wakaipenda baridi; mbu waliwafuata kule chini. Kutoka Amani ndiko ulikoendeshwa mradi wa Pare na Taveta, 1954 hadi 1959, wa kupuliza dawa ya dieldrin majumbani na kupima kama malaria itakatika. Ilipungua sana, kisha mradi ukaisha. Wenyeji walikuwa wakusanyaji wa mbu, wapima damu, madereva, na pia walikuwa ni wale wanaonong'ona. Mtu anayezunguka vijijini akitoboa watoto vidole na kuondoka na damu kwenye vioo, katika nchi ambayo habari za mumiani zinajulikana toka Mombasa hadi Kilwa, ulitegemea aitwe nani? Si ujinga huo. Ni njia ya kuuliza damu yetu inakwenda wapi na faida yake inarudi kwa nani.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, taasisi ikabaki upande wa Tanzania na kuingia kwenye Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Baadaye shughuli kubwa zikateremka Muheza, penye umeme wa uhakika, hospitali na wagonjwa. Jina likateremka nazo. Ukisoma leo makala ya kitabibu kutoka Kituo cha Amani, jua kwamba mara nyingi yameandikwa Muheza, chini kwenye joto. Juu zimebaki nyumba, maabara na maktaba ya majarida ya lugha mbili za wakoloni wawili.

Nimezungumzia miti, vitabu, majina. Nimeahidi pia alama zinazoamua maisha, na hizo ni mipaka.

Milima ya kaskazini, toka Uchagga kupita Upare mpaka Usambara, ina mmea wa isale. Unapandwa penye mpaka wa shamba na mara nyingi penye kaburi. Haufi kirahisi. Mtu akiung'oa isale amekutangazia vita. Hiyo ndiyo bikoni ya kale, ina majani na ina mashahidi: wote waliokuwepo siku ulipopandwa. Bikoni ya serikali ni kipande cha saruji chenye namba. Shahidi wake ni ramani, na ramani iko ofisini.

Miaka ya 1970 na 1980 mwanzoni, misitu ya Usambara ya Mashariki ilikatwa kwa mashine na kiwanda cha Sikh Saw Mills cha Tanga, kwa msaada wa Finland. Kelele zilipozidi, ukataji ule ukakoma. Finland hiyo hiyo ikarudi mwaka 1991 na mradi wa kuhifadhi misitu. Naliheshimu taifa linaloweza kugeuka namna hiyo, ila sikosi kutabasamu. Mwaka 1997 Hifadhi ya Amani ikatangazwa, hekta 8,380, ya kwanza ya aina yake nchini. Mistari ya mipaka ikafyekwa, miti ikapandwa kuionyesha.

Kisha ikaja zamu ya Derema, pale pale kahawa ya Wajerumani ilipoanzia. Ilikuwa ni ukanda wa msitu unaounganisha hifadhi ya kusini na misitu ya kaskazini, chini yake kukiwa na iliki. Iliki inapenda kivuli, kwa hiyo mkulima hakuukata msitu wote: alifyeka chini, akaacha miti mikubwa. Kwake lilikuwa shamba. Kwa wahifadhi lilikuwa msitu unaokufa polepole kwa sababu miche haioti. Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpaka ukapimwa, mazao yakahesabiwa shina kwa shina, na wakulima zaidi ya elfu moja wakaondolewa kwa fidia iliyochukua miaka kukamilika, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwa waliotoa fedha. Mwaka 2010 Derema ikawa hifadhi rasmi.

Ukipita leo utaona mstari wa bikoni na nyuma yake kijani kikirudi. Mgeni atasema msitu mzuri. Na ni mzuri, maji ya Tanga mjini yanategemea mto Sigi, na Sigi unategemea huko. Lakini kwa mtu ambaye iliki ndiyo iliyomsomesha mwanawe, kile kipande cha saruji ni kumbukumbu ya siku maalumu, saa maalumu, na mtu aliyeshika daftari.

Walioondolewa walitengewa ardhi mbadala. Wengi hawakuitaka, wengine waliisubiri muda mrefu. Ilikuwa chini tambarare, kwenye jua, mahali ambapo iliki haioti: Kibaranga, shamba la zamani la mkonge, ambako kabla yao walipita manamba na vipande vyao.